Shemeji Asiyepigika

Jumapili baada ya ibada huwa tunacheza kwenye baraza yangu, Kigera. Ni mchezo wa kusimulia: mimi nasimulia hatari, kila mchezaji anamwendesha mtu wake wa kwenye karatasi, na dadu zinaamua nani kapona. Mtu wako unamchagulia kazi, halafu ndani ya kazi unamchagulia ubingwa. Nesi mmoja wa Kitaji ana mganga, bingwa wa majeraha. Muuza dagaa wa Murangi ana mwizi, bingwa wa vitasa. Mimi ndiye msimamizi, na neno langu ndilo sheria.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka alipojiunga shemeji yangu kutoka Bunda, mume wa dada.

Shemeji alikikagua kitabu cha kanuni kama anavyokagua fahali mnadani. Akachukua askari, bingwa wa ngao. Akampa nusu ya ukuhani ili baraka ziiongezee ngao. Akamdokolea na ujanja kidogo wa mwizi ili akwepe kitakachopenya. Akatoka na mtu asiyepigika. Jitu la milimani lilimpiga mchana kutwa, likachoka, likaenda zake.

Kanuni ilipomkatalia, alinitazama kwa upole. "Shemeji, hapo si panaruhusiwaga?" Hapakuwa panaruhusiwa. Nilikuwa naitikia tu. Ng'ombe aliowatoa kumwoa dada ndio hao hao niliowatumia mimi kuoa. Kwetu mtu wa namna hiyo hubishani naye, hata kama ubishi wenyewe ni wa majitu.

Muuza dagaa akaanza kusinzia mchezoni. Nesi hakusinzia. "Mganga wangu hajamfunga mtu bandeji tangu shemeji yako aje," alisema. "Jumapili ijayo nisipopata mgonjwa, nabaki nyumbani nifue." Nesi akiondoka tungebaki watatu, mmoja amelala, na mchezo ungekufa. Niliumia, maana wiki nzima naishi kwa kuingojea Jumapili.

Jumapili hiyo shemeji alikuja na dada. Dada alikaa pembeni akimenya karanga, nasi tukawa tunavuka mto wa kwenye simulizi. Mamba akamjia shemeji mguuni. Shemeji akasema ngao yake inafanya kazi hata chini ya maji. Akanitazama. Nikaanza kuitikia.

"Imeandikwa hivyo?" dada akauliza.

"Hapana."

"Sasa mbona unamkubalia?"

Nikaangalia dadu zangu. Nilitamani aendelee na karanga.

"Ni ng'ombe, eti?" Akapangusa mikono kwenye khanga. "Mdogo wangu, hao ng'ombe walitolewa kwa ajili yangu. Basi nasema mimi. Mamba ang'ate."

Hata mumewe alionekana kukubali kwamba hoja hiyo haina mwanya. Nikarusha dadu, mamba akang'ata, na nikafurahi kuliko inavyompasa mtu na shemeji yake.

Muuza dagaa akaamka. Nesi aliweka soda yake chini, akavuta kiti. "Mleteni," alisema.

Shemeji alifuta nguvu za mtu wake kwa kifutio, taratibu, karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha akamgeukia nesi na kumuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nitapona kweli?"

"Sijui," nesi akasema, akichukua dadu. "Tulia."