Maombi ya Kufungua Mkutano

Shule yangu iliishia kidato cha pili, wakati fujo za uchaguzi zilipotuondoa kijijini kwetu Yamumbi. Kaka yangu alirudi nyuma kuwafungua ng'ombe, nyumba za jirani zikiwa tayari zinawaka. Hatukumwona tena. Hata mwili wa kuzika hatukupata.

Mengine nilijifunzia katika kambi tulikokimbilia. Wanasiasa walileta mablanketi na hotuba, nami nikawatafsiria wazee wetu, maana Kikuyu ni cha nyumbani. Nikisimama pale mbele niliangalia nyuso. Nilijua neno lipi limewainamisha watu vichwa na lipi limepita tu. Miaka baadaye, nikiwa nimepanga chumba mtaa wa Huruma, mgombea mmoja alisikia habari zangu akanichukua. Kazi yangu ilikuwa kutangulia. Nilikaa kwa kinyozi, nikanywa chai kibandani, nikasikiliza, kisha nikamweleza aseme nini na anyamazie nini. Wenzangu kwenye kampeni waliniita mshauri, nusu kwa mzaha.

Zamu ya Yamumbi ilipofika nikamwambia, "Mheshimiwa, pale usianze na barabara. Maombi ya kufungua yakiisha, wataje waliokufa. Hakuna mwanasiasa amewahi kuwataja pale."

"Wafu hawapigi kura," akasema.

"Huku kwetu wengine hupiga," dereva akadakia, na gari zima likacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Mheshimiwa akanigusa bega. "Sawa. Nitawataja."

Nikampelekea mama habari hiyo. Hakuwa amewahi kwenda mkutano wa siasa. Alifua kitambaa chake cheupe cha kichwa, akafika mapema, akaketi mbele kabisa.

Pasta alipoomba tulisimama wote. Aliombea mvua, mahindi, amani, na mheshimiwa. Kisha mheshimiwa akashika maikrofoni. "Yaliyopita yamepita," akasema. "Tusonge mbele." Watu wakapiga makofi, wakaketi.

Mama alibaki amesimama.

"Mama, keti, maombi yameisha," mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamwambia. "Unatuziba."

"Bado hajawataja."

Mheshimiwa alimwona. Nilikuwa nimezoea kusoma nyuso, na ninajua alimwona. Akaanza kuzungumzia barabara.

Nilienda nikamshika mama mkono. Ulikuwa baridi, na jua lilikuwa kali.

"Ulisema atawataja," akaninong'oneza.

"Yeye mwenyewe aliniambia, mama."

Akaketi. Alisikiliza hotuba yote, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani. Jambo hilo hakuligusa tena mpaka alipokufa.

Uchaguzi ule tulishinda. Yamumbi walitupa kura nyingi.

Mama tulimzika Yamumbi, kwenye shamba lile lile tulilofukuzwa. Kando yake tuliacha nafasi ya kaka. Nikienda huko hufyeka nyasi za kaburi la mama, kisha nafyeka na pale ambapo hakuna mtu.