Mama Mkwe na Jogoo wa Redioni

Gari la redio lilifika Tabora likiwa juu ya behewa la wazi, limefungwa minyororo kila upande. Mume wangu, aliyekuwa karani wa stesheni, aliacha chakula chake cha mchana akaja mbio nyumbani kunieleza, naye si mtu wa kukimbia.

"Limetoka Dar es Salaam," alisema, bado anahema. "Ndani yake mna mashine inayonasa sauti ya mtu na kuirudisha. Na wanawatafuta ninyi."

Ninyi maana yake kikundi chetu cha vichekesho, watu watatu tuliokuwa tukikutana Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa mji. Mwanzilishi alikuwa fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na soko, mtu mwembamba aliyetunga michezo huku akishona na kutuigizia sehemu zote huku sindano ziko mdomoni. Wa pili alikuwa muuza nyama, mwenye kifua kipana na miguu myepesi, aliyevaa kanga na kuigiza wanawake watu wazima. Mimi nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, na ukumbini niliigiza mke, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nikijifunza nyumbani.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Redio mjini zilihesabika, na jioni ya kipindi cha vichekesho kutoka Dar es Salaam watu walijaa mbele ya duka la Mwarabu mmoja aliyeweka redio yake dirishani kwa hisani. Sasa watu wa redio waliamua kipindi hicho kitembee majimboni, kila mji urekodi mchezo wake kwa watu wake. Sasa ilikuwa zamu ya Tabora. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Mtangazaji waliyemtuma alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia ya viua na kikohozi cha sigara. Alituketisha ukumbini akatuambia tuigize mchezo wowote tunaoupenda. Tukachagua ule wa mama mkwe anayewasili kwa treni bila taarifa, na mkwe wake mwanamume ana nyumba ya chumba kimoja. Ulikuwa mchezo wetu bora. Muuza nyama alikuwa akiingia tu, anatikisa kiuno, anaweka mzigo chini kwa madaha, na ukumbi unaanguka kwa kicheko kabla hajasema neno.

Mtangazaji alicheka pia. Kisha akaturudishia sauti kutoka kwenye mashine.

Sijasahau fedheha ile. Palipokuwa na kiuno cha muuza nyama pakawa kimya. Tulisikia watu wanahema, viatu vinaburuzwa, halafu sauti ya mwanamume anayejaribu kuongea kama mwanamke huku amebanwa koo. Hakuna kilichochekesha hata kidogo.

"Redio haina macho," mtangazaji alisema taratibu. "Kila kitu kipite sikioni. Na huyu mama mkwe nataka awe mama kweli."

Muuza nyama alivua kanga akaikunja. Nilidhani ameumia, lakini alikuwa anaiangalia mashine kwa hamu. "Na mlango ukifunguka," aliuliza, "watu watajuaje?" Mtangazaji akamjibu kwamba lazima mtu aufungue mlango karibu na kipaza sauti. "Basi nipe mimi milango," akasema. Kuanzia hapo akawa fundi wa sauti. Alileta sinia la changarawe kwa ajili ya nyayo za miguu, kipande cha mlango wenye bawaba zilizoshika kutu, na chungu cha maji. Kwa kinywa chake mwenyewe aliweza kuwika hata majogoo wa mtaa wa pili wakajibu.

Ila mama mkwe tulimkosa. Tulizunguka mtaa mzima wa Ipuli tukiwauliza wanawake. Wengine walicheka wakafunga mlango. Mmoja alisema mumewe atadhani ana wazimu, mwingine aliogopa mashine itabaki na sauti yake. Jioni nilirudi nyumbani nimechoka, nikamkuta mama mkwe wangu wa kweli ameketi jikoni na kapu la karanga. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kijijini kwake, Kwihara.

Alikuwa mjane, mkulima, na mwimbaji wa kwaya ya Moravian. Walisema akiimba kanisani, walioko shambani huacha jembe. Mimi nilimwogopa. Hakuwahi kunitendea ubaya wowote, lakini aliponitazama ninavyokoroga ugali nilihisi mikono yangu si yangu. Nilikuwa nikimjibu "ndiyo, mama" kwa kila jambo, macho chini.

Mume wangu alimsimulia habari ya gari la redio kama mzaha. Aliposema tumekosa mwanamke, mama aliacha kumenya karanga.

"Anatakiwa afanye nini huyo mwanamke?"

"Aongee tu, mama," mume wangu alisema. "Awe mama mkwe."

"Hiyo kazi naifanya bure kila siku," alisema. "Nitakwenda kesho."

Kesho yake alikuja ukumbini amevaa gauni lake la kanisani. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimtamkia maneno kidogo kidogo, naye akayashika upesi kuliko sisi. Tatizo lilizuka alipofika mahali pa kuzungumza na mkwewe, yaani fundi cherehani. Alimgeuzia mgongo, akatazama ukuta, akasema maneno yake yote kwa ukuta.

"Mama, huku," mtangazaji alimwita. "Zungumza naye."

"Siwezi. Mchezoni huyu amemwoa binti yangu. Kwetu mimi naye hatutazamani usoni wala hatuitani. Nikitaka kitu namwambia mtu, amwambie."

"Lakini ni mchezo, mama."

"Kama ni mchezo, na mimi ni mama mkwe mchezoni, basi siwezi vilevile."

Akaendelea na ukuta. "Wewe ukuta, mwambie mwenye nyumba nimesafiri tangu jana na sijapewa hata maji." Fundi cherehani, bila kufikiri, akageukia ukuta huohuo akajibu, "Ukuta, mwambie mama maji yapo mtungini, ila kikombe kimoja tu, na kimetoboka."

Mtangazaji alivua vyombo vya kusikilizia alivyovaa masikioni akainama akicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipopata pumzi alimwomba fundi autunge mchezo wote upya. Tuliketi pale mchana kutwa, kila mtu akitupa neno. Ukuta ulikataliwa kwa kuwa hausikiki redioni. Mama alipendekeza mbuzi, muuza nyama akasema yeye hajui kulia kama mbuzi. Mwishowe tukafika kwa jogoo, zawadi ambayo mgeni amekuja nayo kutoka kijijini. Binti anachoka kupeleka ujumbe kati ya mama na mume, anasusa, anatoka nje. Wanabaki wawili na jogoo. Wanaongea kwa jogoo mpaka wanazoeana, na hapo mume anakumbuka kwamba mgeni anastahili kuchinjiwa, na mnyama pekee aliyepo ni huyo mjumbe wao.

Mimi ndiye niliyekwama. Binti akisusa alitakiwa kumpigia mama yake kelele: "Mama, umezidi sasa. Mimi si posta." Nilijaribu. Mbele yangu alisimama mama wa mume wangu, na sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Bibi mwalimu," mtangazaji aliniuliza, "unamgombeza au unamsalimia?"

Tukarudia na kurudia, nikawa nazidi kunywea. Nilitaka kuacha. Tuliporudi nyumbani mama alinikalisha jikoni, akanipa ungo wa karanga, akaketi mbele yangu.

"Mwaka mzima unaniambia ndiyo, mama," alisema. "Nikirudi Kwihara sijui kama umenipenda au umenichoka. Huwa nawaza njia nzima. Leo watu wamekupa ruhusa. Nigombeze."

"Mama, siwezi."

"Nimekuambia ugali wako una madonge."

Niliendelea kumenya karanga.

"Na mwanangu amekonda tangu akuoe."

"Hajakonda," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mikanda ya suruali zake nimeilegeza mimi kwa mikono yangu. Na wewe, mama, ukija hapa unaonja kila chungu kabla hata hujafungua mzigo, mpaka naogopa kupika."

"Endelea," alisema, macho yanamng'aa.

"Umezidi sasa. Mimi si posta."

Nilikuwa nimesimama, karanga zimemwagika sakafuni. Nikamwona mume wangu mlangoni, ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili, rangi imempotea.

"Kuna nini humu?" aliuliza.

"Tunafanya kazi," mama yake alimjibu. "Tupishe."

Alipotoka tulitazamana, na mimi na yule mama tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kisha alinionyesha, bila ukali wowote, namna ya kumwaga unga ili madonge yasitokee. Kweli yalikuwepo.

Siku ya kurekodi tulianza kupanga ukumbi tangu asubuhi. Sauti ilikuwa inagonga kuta na kurudi, kwa hiyo majirani walituazima mablanketi na magodoro, tukayatundika pande zote hata ukumbi ukafanana na duka. Bati la paa lililia kwa joto la jua, ikabidi tungoje jioni lipoe. Mume wangu alikuja na saa za treni zote, akamhakikishia mtangazaji kwamba kati ya treni ya Mwanza na ile ya Kigoma tuna nafasi ya kutosha.

Watu waliingia mpaka wengine wakasimama madirishani. Mama alinishika mkono, kiganja chake kikavu na cha moto, akaniambia kwa Kinyamwezi nivute pumzi kama tunaanza wimbo.

Taa nyekundu ya mashine ikawaka. Muuza nyama alitembeza vidole kwenye changarawe, akabisha hodi kwenye mlango wake, akawika. Mama akasema neno lake la kwanza, na kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena maishani. Kilinipiga kifuani. Fundi cherehani alichangamka, akawa anamsihi jogoo kana kwamba ni hakimu. Zamu yangu ilipofika nilimgombeza mama mkwe wangu mbele ya mji mzima, na wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele. Nilipoondoka kwenye kipaza sauti nilitamani kurudi palepale.

Kisha, mchezo ukiwa karibu kufika mwisho, treni ikapiga honi. Ilikuwa treni ya mizigo ambayo haikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Ilipiga honi ndefu hasa, fundi ameshika kisu cha mchezo, jogoo yuko mashakani. Nilimwona mume wangu akifunika uso kwa kofia. Mtangazaji aliinua mkono kutusimamisha.

Mama hakumwona. Alingoja honi ikatike, akaegemea kipaza sauti.

"Wewe jogoo," alisema kwa sauti ya chini, "umesikia? Hata treni imekulilia. Mwambie mwenye nyumba akikuchinja, narudi nayo hiyo hiyo."

Ukumbi ulilipuka. Mtangazaji alishusha mkono wake polepole. Fundi akakitupa kisu kwenye sinia, kikalia vizuri sana, na kwa mara ya kwanza katika mchezo akasema bila kumpitia jogoo, "Mama, karibu chakula. Tutakula karanga." Naye kwa mara ya kwanza akamjibu mwenyewe: "Ahsante, mkwe wangu." Mwisho ulikuwa huo. Haukuwa umeandikwa hivyo, na hakuna aliyependekeza kuurudia.

Wiki kadhaa baadaye ilifika jioni ya kuusikiliza. Mbele ya duka la Mwarabu palijaa mpaka barabara ikafungwa. Mama alikuja kutoka Kwihara, akapewa kiti cha mwenye duka. Sauti yake ilipotoka kwenye redio alikunja uso.

"Huyo anaongea puani," alisema. "Mimi siongei puani."

Watu walimwambia anyamaze, wanataka kumsikia. Nilikuwa nimeketi chini karibu na miguu yake. Ilikuja sehemu yangu, nikajisikia nikipiga kelele hewani, na mume wangu akanigusa bega, anacheka kwa fahari. Redioni watu wa Tabora walikuwa wanacheka, na barabarani watu walewale wakawa wanacheka kicheko chao wenyewe.

"Sasa hivi Ujiji wananisikia?" mama aliniuliza sikioni.

"Wanakusikia, mama."

"Na Bagamoyo?"

"Na Bagamoyo."

"Babu yangu alikwenda Bagamoyo na pembe ya ndovu begani," alisema. "Alirudi na kovu hapa shingoni na shanga za bibi yangu. Alisimulia safari ile mpaka akafa. Watu wa kule, alisema, hawakumuuliza hata anaitwa nani."

Nilitaka kumjibu, lakini fundi cherehani alikuwa anatukemea tusikilize, maana ilikuwa zamu yake kuongea. Mama alivuta kiti mbele, akauweka mkono wake begani kwangu, na tukasikiliza hivyo mpaka mwisho. Usiku ule hakuondoka. Asubuhi nilipika uji, akaja jikoni, akaketi bila kufunua chungu chochote, akaniuliza mchezo unaofuata tutaufanya juu ya nini.