Programu ya Kutunza Pampu za Arua na Koboko

Mhandisi aliponiita aniambie nichague programu ya kompyuta, nilisimama mlangoni kwake, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Ndivyo nilivyokuwa. Katika ofisi ile ya maji ya Arua nilikuwa karani wa matengenezo: pampu ikifunguliwa, bomba likipasuka, valvu ikibadilishwa, mimi ndiye niliyeandika. Lakini kiti kilinishinda. Nilipiga taipu nusu saa, nikatoka kwenda kuhakikisha injini ya pampu ya mtoni inanguruma, nikarudi, nikatoka tena.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta moja na printa moja.

"Kuna programu mbili za kusimamia matengenezo," mhandisi alisema. Alikuwa mtu wa kusini, mpole, asiyepaza sauti. "Zijaribu zote mbili, kisha uniambie ipi inatufaa. Ila ufanye haraka, kabla Mzee hajaondoka."

Mzee alikuwa fundi wetu mkuu, mtu wa Koboko, Mwislamu mwenye kofia iliyolowa grisi, ambaye injini alijifunzia jeshini. Macho yake yalikuwa yanafifia na alikuwa ameomba kustaafu mvua zikianza. Na karibu kila tulichokijua kuhusu mabomba ya mji ule kilikuwa kichwani mwake.

Najua inavyokuwa vitu vya namna hiyo vikipotea. Mwaka sabini na tisa nilikuwa mpiga taipu mgeni katika ofisi hiyohiyo. Vita vilipofika tukakimbilia Zaire kwa miguu, na ofisi ikaachwa wazi. Miezi kadhaa baadaye nilinunua karanga katika soko moja ng'ambo ya mpaka, nikafungiwa kwenye karatasi ya buluu. Nilipomaliza kula ndipo nikaiangalia ile karatasi. Ilikuwa kipande cha ramani ya mabomba ya Arua, na mhuri wa ofisi yetu pembeni. Niliona barabara ya kwenda mtaa wa Mvara, nikaona duara dogo lenye namba, alama ya valvu. Mafuta yalikuwa yameipenya. Nikaikunja, nikaitupa. Nilikuwa mkimbizi mwenye njaa. Ramani ya mabomba ningeifanyia nini?

Miaka ikapita, tukarudi. Siku moja bomba kubwa la Mvara likapasuka, ikabidi tuifunge valvu yake, na hakuna aliyejua imefukiwa wapi. Tulichimba barabara siku kumi na moja. Maji yalimwagika, watu walikuja na madumu wakatutukana, wakateka kwenye mashimo yetu. Siku ya kumi na mbili Mzee akafika kutoka Sudan, alikokuwa amekimbilia yeye. Alikuwa bado na mzigo begani. Akatazama mashimo yale, akatembea hadi chini ya ukuta mmoja, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Iko hapa," alisema.

Ilikuwapo. Wote walishangilia isipokuwa mimi. Mimi niliwaza: je, kama angefia njiani?

Basi programu ya kwanza ililetwa na kijana wa Kampala mwenye tai, muuzaji wa kampuni fulani, pamoja na sanduku la diski kumi na mbili na kitabu kinene kama tofali. Tuliiweka kompyuta katika banda la pampu mtoni, kwa kuwa umeme ulikuwepo tu wakati jenereta ya pampu inafanya kazi, asubuhi hadi adhuhuri. Kijana alibonyeza hapa na pale. Majedwali yakapanda, grafu za rangi zikatokea. Mhandisi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Hata mimi nilivutiwa, nisiseme uongo.

"Kila kifaa kina namba," kijana alieleza. "Kila hitilafu ina namba. Mnajaza fomu, mnaingiza namba, kompyuta inajua mengine."

Wiki iliyofuata nilipanda pikapu ya ofisi na Mzee kwenda Koboko kujaza fomu ya kisima chetu cha injini. Nilimwomba dereva aongeze mwendo mara mbili; Mzee akacheka.

"Mama, Koboko iko palepale. Hapana kimbia."

Tulipofika hakuifungua mashine. Aliweka ncha ya spana kwenye chuma na mwisho mwingine sikioni, akafumba macho.

"Wewe nasikia?" aliniuliza.

Nikaweka sikio. Nilisikia mngurumo tu.

"Iko nakohoa. Beringi ya nyuma. Leo bado mzima, lakini mwezi mbili, mwezi tatu, nakufa. Andika kikohozi."

Nilitazama orodha ya hitilafu kwenye fomu. Kulikuwa na kuvuja, kupasuka, kuungua, kuziba, hadi namba ishirini, ambayo ilisema "nyinginezo". Kikohozi hakikuwepo, wala beringi ambayo bado haijafa. Nikaandika ishirini.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Mzee."

Nilikuwa nimemdanganya mtu mzima mbele ya mashine yake. Wiki ilipoisha, kati ya kazi ishirini na tatu za mafundi wetu, kumi na saba ziliingia kama "nyinginezo". Printa ikatoa ripoti nzuri, yenye mistari iliyonyooka, isiyosema chochote.

"Mtawafundisha wafanyakazi wenu kidogo kidogo," kijana wa Kampala alisema. Huenda alikuwa sahihi. Ila Mzee hakuwa na muda wa kidogo kidogo.

Programu ya pili ilitengenezwa papo hapo Arua. Mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke wa Mvara aliyenizidi miaka michache tu, alikuwa amejifunza kompyuta peke yake, na mhandisi alimwomba ajaribu. Alikuja kwa miguu, diski moja ikiwa katikati ya daftari la wanafunzi. Hakufungua kompyuta. Alivuta ndoo, akaikalia, akaanza kuniuliza mimi.

"Hii kadi ya kazi, atakayeisoma ni nani?"

"Fundi."

"Akiwa wapi?"

"Shimoni. Au juu ya tangi."

"Mikono yake ikoje?"

"Ina grisi, Mwalimu. Na maji."

"Basi herufi ziwe kubwa, na mistari isizidi sita."

Programu yake haikuwa na grafu wala rangi. Iliuliza kifaa kipi, kiko wapi, kina shida gani, kitazamwe tena lini. Majibu uliandika kwa maneno yako mwenyewe. Kila Jumatatu ilitoa kadi za wiki ile, mafundi wakaondoka nazo mfukoni. Niliandika: "Pampu ya Koboko. Inakohoa, beringi ya nyuma. Sikiliza tena baada ya wiki sita." Kadi ikatoka. Nilimsomea Mzee, akaniomba nimsomee tena.

Nilikwenda kwa mhandisi mbio. Nikamwambia nimeshachagua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na Mwalimu akiondoka?"

"Aende wapi?"

"Popote. Programu ya Kampala ina kampuni nyuma yake. Hii ina mtu mmoja. Wewe ndiye unayeniambia kila siku tusiweke maji ya mji mzima kwenye kichwa cha mtu mmoja."

Nilitoka, nikatembea hadi mtaa wa Awindiri bila sababu, nikageuka, nikatembea hadi Mvara, nikabisha kwa Mwalimu. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Nijibu kwa kweli," nilimwambia, hata salamu sikumaliza. "Utakuwa hapa mwaka kesho?"

Aliweka kalamu chini. "Mhandisi ndiye amekutuma?"

"Nimejituma."

"Nimeomba nafasi ya masomo ng'ambo," alisema. "Wamenikubalia. Sijamwambia mtu, hata mkuu wa shule. Naondoka baada ya muhula ujao."

Nilimpa hongera, na ilitoka moyoni. Lakini njiani nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Siku tatu niliibeba ile siri. Nilipiga taipu nikakosea, nikarudia, nikakosea. Nikinyamaza, mhandisi angeikubali programu yangu, na siku ikiharibika sote tungesimama kuitazama kama tulivyosimama kwenye yale mashimo. Nikisema, tungechukua ile ya namba, na kikohozi cha Koboko kingezikwa kwenye ishirini.

Siku ya nne nilirudi kwa Mwalimu, nikamwomba ruhusa ya kusema. "Sema," aliniambia. "Ni maji ya watu."

Nikamwambia mhandisi. Alishusha pumzi.

"Basi jibu tumelipata, Mama."

"Bado, Injinia. Mwalimu ana miezi minne. Anifundishe jinsi programu ilivyotengenezwa, si jinsi ya kuitumia tu. Aandike kila kitu kwenye kitabu. Na kila kadi tuchape mbili zaidi ya ile ya fundi, moja ibaki hapa, nyingine Koboko, ili kompyuta ikifa karatasi zibaki."

"Ufundishwe wewe?"

Aliuliza bila dharau. Nilikuwa mpiga taipu niliyeishia darasa la kumi, mama wa watoto wanne, nisiyeweza kukaa kitini.

"Mimi," nilisema.

Alifikiri siku mbili, akakubali. Kijana wa Kampala alifunga sanduku lake bila kinyongo, akanipa mkono.

Miezi ile minne ilikuwa migumu kuliko yote ninayoikumbuka ya kazi. Asubuhi, jenereta ikiwa inaunguruma, nilikuwa na Mwalimu mbele ya kompyuta, nikijifunza kwamba mashine hufuata amri zilivyoandikwa, si ulivyokusudia. Nilikuwa nikisimama kila dakika kumi. Yeye hakuniambia kaa. Alisimama nami, tukaendelea wima, kidole chake kwenye kioo. Mchana nilizunguka na Mzee mtaa kwa mtaa, Awindiri, Mvara, hadi Logiri kwenye visima vya vijijini. Alihesabu hatua kwa sauti, nami niliandika: hatua kumi na mbili kutoka kona ya ukuta, hatua tano kutoka daraja. Mara nyingine macho yalimdanganya, akasimama pasipo na kitu.

"Ngoja," alikuwa akisema. "Mutu moja amehamisha mti." Akaanza kuhesabu upya kutoka mahali pengine, na valvu tukaikuta.

Mvua zikaanza. Mzee akarudi Koboko kwake, na muhula ulipoisha Mwalimu akaondoka. Aliniachia kitabu cha kurasa zaidi ya mia, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka. Tuliagana mlangoni kwake.

Haukupita muda, Jumatatu moja kadi zikakataa kutoka. Ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikaishia katikati, kisha karatasi tupu zikafuatana. Mafundi walikuwa wamepanga mstari nje ya banda. Mhandisi alikuja akasimama nyuma yangu.

Niliwasha upya, ikawa vilevile. Nikafungua kitabu ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma kama anayejifunza kusoma. Mafundi waliondoka na kadi za wiki iliyopita. Saa zikaenda. Sikusimama hata mara moja. Hilo mhandisi ndiye aliyeniambia baadaye, mimi sikulijua.

Karibu na adhuhuri, jenereta ikikaribia kuzimwa, niliiangalia tena ile kadi ya tatu. Ilikuwa ya kisima cha Logiri. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika kipo karibu na zizi la ng'ombe. Kadi iliishia kwenye "zizi la ng". Nikarudi kitabuni. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kile kialama kidogo cha juu ndicho kinachoiambia kompyuta maneno yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Nami kwa kumtaja ng'ombe nilikuwa nimeyafunga maneno kabla ya wakati, na kompyuta haikujua la kufanya na mabaki yake.

Nilicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka. Kisha nikatafuta mstari wenyewe ndani ya programu, nikabadilisha alama ya kufungulia na kufungia maneno ikawa ile yenye vijiti viwili, nikaomba Mungu, nikabonyeza. Kadi ikatoka nzima, pamoja na ng'ombe wake.

"Ilikuwa nini?" mhandisi aliuliza.

Nilimweleza. Hakucheka. Alitafuta kalamu kwenye mfuko wa shati, akanipa.

"Andika," alisema. "Kwenye kitabu."

Mwishoni mwa kitabu Mwalimu alikuwa ameacha kurasa chache tupu. Niliandika siku, nikaandika kosa, nikaandika dawa yake. Mwandiko wangu ulionekana mbaya karibu na wake, umelala upande kama unaotaka kutoka nje ya ukurasa. Nilipomaliza jenereta ilizimwa, kioo kikawa cheusi, nami nikakusanya kadi nikaenda kuwatafuta mafundi mjini.