Kilichokataa Sumaku

Erisa Okedi aliendesha lori langu miaka sita, na katika miaka hiyo sita sikumwamini hata siku moja. Nalisema mapema ili usije ukadhani nasimulia ujinga wa mtu mwingine. Mimi ni Ajambo, Msamia wa Busia upande wa Uganda, mama yake Patience. Pale stendi ya malori wananijua: gunia likipanda nalitazama, likishuka nalitazama tena, na njiani huko katikati napiga simu. Marehemu mume wangu alilizwa na madereva watatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka malori manne yakabaki moja. Nililirithi hilo moja, na hasira zake nikazirithi pia.

Erisa alikuwa Mjopadhola wa Kisoko, mwembamba, mtu wa kanisa, pombe haonji. Alikuwa amehamia Masinya na mkewe Apolot, wana kipande cha shamba la mihogo na watoto wawili wa shule. Mpole kupita kiasi. Na upole huo ndio ulioninyima usingizi, maana dereva gani huyo asiyelalamika, asiyeomba, asiyegombana na mtu? Nilijiambia huyu ana lake. Kazi yetu ilikuwa kubeba mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya Tiira kwenda kwenye kinu cha kusaga, na wakati wa mavuno tunapeleka mahindi Tororo.

Mwaka jana mvua zilipopungua, akaja kuniambia oili ya difu ibadilishwe. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna meno yanayogawa nguvu kulia na kushoto, yameloa kwenye oili nzito. Nikamuuliza amejuaje kwamba wakati umefika, na kipimo cha kilomita kilikufa tangu enzi za mume wangu. Akasema hapimi kwa kilomita, anapima kwa kazi. Mawe ni mazito, vumbi ni jingi, halafu kuna ile siku lori lilikwama kwenye maji, ekseli nzima ikazama hadi jioni. Akasema difu inalia akiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, na akiigusa baada ya kupanda mlima inamchoma kiganja.

Mimi nikamwambia oili ya injini inaungua, hiyo naielewa, lakini ya difu imefungiwa humo ndani, inaenda wapi? Akarudi kwenye lori. Baada ya wiki akaniuliza tena. Baada ya nyingine tena. Kila akiuliza mimi nazidi kumtilia shaka, maana sijaona mtu anayehangaikia mali ya mwenzake hivyo bure.

Mchezo wa madereva na mafundi naujua. Oili ya zamani inamwagwa ukiwa umesimama hapo, ukigeuka inarudishwa, ile mpya inauzwa. Kwa hiyo nilipokubali, nilikubali kwa masharti yangu. Fundi nachagua mimi, tena ng'ambo, Busia ya Kenya, ambako Erisa hana rafiki. Nasimama pale mwanzo mpaka mwisho. Na oili chafu naondoka nayo kwenye jerikeni langu, nione atakayeirudisha. Erisa akasema ni sawa, Mama Patience. Hata hilo halikunifurahisha.

Fundi aliitwa Trevor, kijana wa maneno mengi, suruali nyeusi kwa grisi. Alifungua nati ya chini, oili ikashuka kwenye beseni langu jeupe la kuoshea mboga, nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungulia jikoni. Halafu jua likaipiga. Mle kwenye weusi mkametameta njano. Vipande vidogo mno, kama unga, lakini njano kabisa. Nikainama mpaka pua ikakaribia beseni.

Trevor akanionyesha nati. Ncha yake ina sumaku, na sumaku ilikuwa imeota ndevu za chuma. Akasema, "Mathe, hii ya kushika hapa ni chuma ya meno. Hiyo yellow ni shaba, kuna visahani vya shaba huko ndani vinalika. Hii oili ilifaa ibadilishwe kitambo. Tufungue difu tuone."

Mimi niliposikia tufungue, nikaona kila kitu. Wanataka kufungua wachote ile njano iliyobaki! Nikamwambia atie oili mpya, afunge, na mdomo wake aufunge vilevile.

Sasa usinicheke kabla hujaelewa. Sisi tunaoishi na Tiira tuna kipimo chetu. Wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu, ukishakauka, wanaupitishia sumaku. Mchanga mweusi wa chuma unaruka na kuganda. Kinachokataa sumaku, kikabaki njano kwenye karai, ndicho watu wanachochimbia. Nimeona hivyo tangu nikiwa mtoto mgongoni. Nikaichukua ile nati kabla haijarudishwa, nikaifuta, nikaichovya kwenye beseni. Weusi ukaganda. Njano ikakataa. Nikaichovya tena, ikakataa tena.

Basi nikajiona mjanja kuliko watu wote wa mpaka huu. Kwa nini mtu mpole hivi? Kwa nini kila wiki oili, oili, oili? Kumbe anaiba vumbi la dhahabu kule kwenye mashimo, analitia kwenye tundu la difu, mahali ambapo hata askari hawezi kuchungulia, na sasa anataka kulivuna. Erisa alikuwa amesimama mbele ya lori akifuta kioo. Nilimwambia tu tupitie Tiira. Njiani akasema, "Asante, Mama Patience. Sasa lori litapumzika." Nikaona ananichezea shere.

Tiira nilishuka na jerikeni mkononi nikapaza sauti. Sitarudia yote niliyosema. Nilisema wanaibiwa, na mwizi ni yule pale kwenye usukani. Wachimbaji wakatoka mashimoni na matope yao. Loy, mwanamke ninayemjua tangu ujana, ambaye kuosha mchanga ndiyo kazi yake, akaitia ile oili sabuni ya unga, akaisuuza, akaizungusha kwenye karai mpaka mkabaki mstari mwembamba wa njano. Akapitisha sumaku yake. Ikakataa. Watu wakapiga kelele.

Erisa akashushwa. Mifuko ikageuzwa nje, viatu vikavuliwa, kofia ikachanwa bitana. Hakupigana na mtu. Alinitazama akasema, "Mama Patience, waambie."

Nikawaambia, "Muulizeni kwa nini siku zote alikuwa anaomba oili ibadilishwe."

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemnusuru, akampakia kwenye bodaboda akamtuma kwake Masinya bila viatu. Mnunuzi wa dhahabu, Ojulong, hakuwepo siku hiyo. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni pake na ile njano kwenye karatasi. Akaidondoshea tone la asidi. Ikachemka, ikatoa povu la kijani. Ojulong akacheka akaniambia nimemletea shaba ya bomba la maji, nikatafute dhahabu. Mimi sikucheka.

Nikamtafuta dereva wa siku moja, tukalirudisha lori kwa Trevor, nikamwambia afungue difu. Akafungua. Akatoa visahani viwili vya shaba vilivyolika mpaka vikawa vyembamba kama jani, vya njano ileile, akaniwekea kiganjani. Akasema ningechelewa wiki mbili tu, difu ingevunjika na mzigo mgongoni, na anayeendesha angejua mwenyewe pa kuangukia. Erisa alikuwa akiomba asife, mimi nikamwita mwizi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata kwenye msiba wa mume wangu nilipogombania sufuria na shemeji zangu.

Siku iliyofuata nikaenda Masinya. Watu wa Tiira walikuwa wamenitangulia, wakitafuta dhahabu iliyofichwa. Shamba la mihogo lilikuwa mashimo matupu, miti imeng'olewa na kutupwa. Jikoni wamechimba chini ya mafiga. Wamechimba hadi ukingoni mwa kaburi la mtoto wao wa kwanza, na Apolot alikuwa amekaa hapo anarudisha udongo kwa mikono. Hakuinua uso. Nilipiga magoti mbele ya Erisa, mimi tajiri wake, nikamwonyesha vile visahani, nikamwomba msamaha.

Akasema, "Usinipigie magoti mimi. Kawaambie wao."

Nikarudi Tiira jua kali la saa saba. Nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Nikaeleza visahani, nikaeleza asidi, nikasema Erisa hana kosa, mkosaji ni mimi. Walinisikiliza vizuri tu, kisha wakacheka. Loy akaniuliza, "Dada, mnunuzi gani amewahi kukwambia dhahabu yako ni dhahabu?" Mwingine akasema juzi mwizi, leo malaika, basi wameshagawana. Nikaapa kwa jina la Patience. Kadiri nilivyoapa ndivyo macho yao yalivyohamia kwenye mkoba wangu. Na kibaya zaidi, nilishindwa kuwakasirikia. Ningekuwa mimi nimesimama upande wao, ningesema hayohayo, tena kwa sauti zaidi.

Nilipofika tena Masinya Erisa aliniuliza, "Wamekubali?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa polepole. Akanieleza kwamba watoto wanafuatwa wakitoka shule, wanaulizwa baba yao ameficha wapi, na kwa hiyo wanahamia kwao Kisoko, kwenye ardhi ya baba yake. Nikasema lori lipo. Apolot akakataa katakata. Erisa akamwambia kwa Kijopadhola maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila nilielewa kwamba hakuna mwingine aliyekubali kuwabebea.

Tukapakia vitanda viwili, meza, masufuria, magunia ya mihogo waliyookota kwenye mashimo, na kuku waliofungwa miguu. Apolot na watoto wakapanda nyuma juu ya magodoro. Erisa akaendesha mwenyewe, mimi nikakaa kando yake. Nilitaka kumwomba arudi kazini, nilitaka kumwambia oili nyingine atasema yeye lini ibadilishwe na mimi sitauliza. Kila sentensi niliyoipanga ilionekana kama rushwa, nikaimeza.

Njia ya kwenda Kisoko kupitia Tororo inapita pale inapochepuka barabara ya Tiira. Wachimbaji walikuwa wamejaa kando ya barabara wakinunua chapati. Wakaliona lori, wakaona vitanda, wakamwona Erisa kwenye usukani na mimi pembeni yake. Wakaacha kula. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Mnaona? Anakwenda kujenga. Na mama mwenyewe anamsindikiza."

Wakacheka wote. Erisa alisikia, mimi nilisikia, na huko nyuma juu ya magodoro mkewe na watoto walisikia. Erisa akabadilisha gia, akapandisha kioo cha upande wake, tukaendelea na safari ya Kisoko.