Moto Aliouzima Kaka

Kaka yangu anajua kuzima moto kwa sauti. Sisemi alijua. Bado anajua, na akija mgeni wa maana hapa Kitomanga bado huitwa aonyeshe.

Kazi yake ni kupiga muziki wa harusi. Siku moja aliona kwenye simu watu wa mbali wakizima moto kwa spika, basi hakukalika naye tena. Alichukua spika lake kubwa kuliko yote, akalifunga kwenye ndoo aliyoitoboa kitakoni, akawa anapiga mlio mmoja mzito usio na wimbo, ule unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Akielekeza tundu kwenye kibatari, mwale unatikisika, unalala, unakufa. Alinieleza kwamba mlio unasukuma hewa mbele na nyuma mpaka moto unakosa pa kushika. Nikamwambia kibatari hata mimi nakizima kwa mdomo. Alininunia siku nzima.

Habari zikafika mjini Lindi, wageni wakaahidi kuja kujionea. Mama akasema wageni wa mwanawe hawaondoki bila kuonja korosho za mwaka huu. Kwa hiyo siku ile, kijiji kizima kilipokwenda uwanja wa shule kumtazama kaka, mimi na mama tulibaki nyuma ya nyumba, tukikaanga.

Korosho si karanga. Ganda lake lina mafuta, yakipata moto yanawaka yenyewe na kutoa moshi mweusi wa kukohoza. Upepo ulikuwa mkali, mama akasogea karibu na kibanda cha jiko kilichoezekwa makuti apate kinga. Mwale ukaruka ukashika makuti. Kutoka jikoni hadi paa la nyumba, sikuwahi hata kufunga vizuri khanga yangu.

Tulipiga yowe. Kwetu yowe la moto halina ugomvi, hata mliyetukanana naye jana huja na ndoo yake. Lakini uwanjani kaka alikuwa amefungulia muziki wote ili kukusanya watu. Tukapiga debe mpaka likabonyea. Ningekimbia kuwaita, ila mama alikuwa anataka kuingia ndani kutoa cherehani yake, ile iliyotulisha na kutusomesha, na ningemwachia tu angeingia. Nilimshika kiuno kwa nguvu zangu zote. Alining'ata mkono.

Muziki ukakatika, ukaja ule mlio. Kisha tukasikia makofi. Kaka alikuwa ameshauzima moto wake, ule aliouwasha kwenye karai kuwaonyesha wageni.

Walipofika, zilikuwa zimebaki kuta. Kaka alikuja mbio amekumbatia spika, waya unaburuzika nyuma yake, na umeme wa kulichomeka haupo. Alisimama hivyo hivyo mbele ya mama bila kulitua. Nilimchukia, na wala sijamaliza.

Mama anaishi kwangu sasa. Cherehani tuliikuta vyuma vitupu. Kaka alipewa cheti, akapewa na picha iliyopigwa siku ile, na hakuona haya kunitumia kwenye simu. Yumo yeye mbele ya karai, wageni wanacheka, watu wanapiga makofi. Nyuma ya vichwa vyao, juu ya minazi ya upande wa kwetu, kuna moshi mweusi mzito, umelazwa na upepo.

Katika picha ile yumo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima ambaye hajawahi kukosa msiba wetu wala harusi yetu. Uso wake umeelekea kwenye moshi kabisa. Nilikwenda kwake na simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwonyesha. "Hukuuona huu?"

Aliitazama picha, akanirudishia simu.

"Niliuona, mwanangu. Tuliuona wote. Tukasema, mama yao anatukaangia korosho."