Mtani Aliyeleta Fidla Kilioni

Saa tisa alasiri, Jumapili, mtaa wa Panda, Likasi. Stanislas Kilufya amekunjua karatasi safi ya ndani ya mfuko wa saruji ya Kakontwe juu ya meza ya chakula, na anachora kwa rula mistari mitano ya kuandikia noti. Mkewe, Rosalie, amekwisha kuzoea. Nyumbani kwao watu hula pale muziki ukishamaliza kutumia meza.

Fundi huyu wa pampu katika kiwanda cha kampuni ya madini ana miaka 41. Fidla alifundishwa na mapadri wa Kapolowe. Rafiki akifikwa na msiba au balaa, yeye humtungia muziki wa vyombo vinne, wa kupigwa sebuleni bila mwimbaji. Amekwisha kutunga vipande kumi na viwili.

"Benzangu banaleta unga kwa kilio," anasema. "Minye naleta karatasi."

Kipande cha kumi na mbili ndicho kilimtoa jasho. Georges, rafiki yake wa chanda na pete, ndiye mpigaji wao wa fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti. Mwezi Juni alifiwa na mkewe, Marceline. Akafungia chombo chake kabatini, akasema hatakigusa tena. Wiki sita zikapita. Stanislas aliogopa kumpoteza mpigaji, lakini aliogopa zaidi ule ukimya wa rafiki yake.

Basi akatunga kitu kizito, cha huzuni tupu, akaenda na wenzake wawili kukipiga kwa Georges. Georges akakunja uso.

"Écoute, sikia, weye ni mutani wangu," akamwambia. "Sasa unanililia kama padri? Nani atanichekesha?"

Stanislas anakiri aliona haya mpaka masikioni. Koo zao ni watani, na kilioni kazi ya mtani ni kumtania marehemu na wafiwa wake bila kuwahurumia. Yeye aliwapelekea majonzi watu waliokuwa nayo tele.

Akaigeuza karatasi upande wa pili. Safari hii akamwandika Marceline mwenyewe: mwendo wake wa haraka, maneno yake yasiyokwisha, na alivyogonga sufuria kumwita mume aliyenogewa na bia kwa jirani. Mlio huo wa sufuria aliipa fidla, nyuzi zikidonolewa kwa kidole mara mbili.

Jumapili iliyopita wakarudi kwa Georges. Walipofika kwenye sufuria, mwenye nyumba akaruka kitini.

"Hapana! Marceline alikuwaka anapiga mara tatu! Ile ya tatu njo ilikuwa na hasira!"

Akafungua kabati, akatoa fidla yake kubwa awaonyeshe. Akadonoa mara tatu. Akacheka, akalia, kisha akapiga nao mpaka mwisho wa ukurasa.

Je, Stanislas alikosea kweli hesabu ya sufuria?

"Myaka kumi na tano nimekula ya ile sufuria," anajibu, akimkonyeza Rosalie. "Nitasahau namna gani?"

Leo anamwandikia Georges karatasi yake, sufuria ikiwa mara tatu. Naye Georges ameahidi kujifunza kutunga, ili siku ya Stanislas ikifika asikose kipande chake.

"Anitanie kabisa," anasema Stanislas. "Na akikosea hesabu, nitaamuka."