Mshahara Niliojilipa

Mke wangu ni muuguzi hapa Doha, nami nilimfuata. Miaka yote tangu hapo nimekaa chumba cha nyuma huku mtaa wa Muaither, kiyoyozi kikikoroma, nikitayarisha mishahara ya wafanyakazi wa maduka ya Nairobi kwenye kompyuta. Biashara ni yangu peke yangu, imesajiliwa Kenya, na kodi yake nalipa huko.

Kazi yenyewe ni kukata tu. Mfanyakazi akatwe pensheni, mwajiri aongezee yake, serikali ichukue chake. Niliizoea hadi nikajifanyia mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi nilijiandikia hati ya mshahara: mimi mwajiri, mimi mfanyakazi, na michango yote miwili ikaingia pensheni yangu. Sehemu ya mwajiri niliihesabu kama gharama ya biashara, kwa hiyo haikulipiwa kodi. Mke wangu alikuwa akinitania, "Bosi amekupa ruhusa ya kula?" Nilijiona mjanja kweli.

Pensheni hiyo ndiyo iliyokuwa imwezeshe mke wangu kuacha kazi mwaka huu. Magoti yake yamekwisha kwa kusimama wodini. Tulikubaliana tutaishi kwa akiba yangu, na kiinua mgongo chake kimalizie nyumba tuliyoanza kujenga kwetu.

Halafu afisa wa kodi akapiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mpole, na upole wake uliniudhi zaidi.

"Mzee, mtu hawezi kuwa mwajiri wake mwenyewe. Wewe na biashara ni kitu kimoja. Huo unaouita mchango wa mwajiri ni faida yako, na ilifaa ilipiwe kodi miaka hiyo yote."

"Na nikitoa pensheni nilipe hilo deni?"

"Ukiitoa mapema, nayo itakatwa kodi."

Mganga hajigangi. Wateja wangu wote makato yao yako sawa, hakuna aliyewahi kusumbuliwa. Nilitafuta mlango wa kutokea wiki nzima na sikuuona, kwa sababu haupo. Kwa kodi, faini na riba ya miaka hiyo yote, nilichokiweka kitaenda karibu chote.

Nilipomweleza mke wangu, hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu kuwa ofisi ya hospitali ingekuwa wazi Alhamisi, akaenda kusaini mkataba mwingine wa kazi.

Leo asubuhi hakuweza kuinama. Nilichuchumaa nikamfunga kamba za viatu, basi la wafanyakazi likipiga honi nje. "Harakisha, bosi," akasema, na hakuwa akitania.